Siku tuliyoinunua wenyewe

Jumapili, saa nne usiku

Nimeishi Yonkers, jirani na New York, miaka minane na leo ndiyo kwanza nimejua kwamba mji huu unachekwa jukwaani. Kikundi cha waigizaji wa mtaani kilikuwa kinacheza The Matchmaker ya Thornton Wilder kwenye ukumbi wa kanisa, na jirani yangu alikuwa na tiketi ya ziada. Nikaenda kwa kuona haya tu. Nimerudi mbavu zinauma.

Kwenye futuhi hiyo Yonkers ya miaka ya 1880 ni shamba kabisa, mahali ambapo mtu akienda New York anaaga. Mimi safari hiyo hiyo naifanya kila asubuhi kwa treni, nusu saa na ushee kando ya mto Hudson, nikisinzia. Basi wale vijana wawili wa dukani, Cornelius mwenye miaka 33 na Barnaby mwenye 17, wanaiwaza kama hija. Wanauza duka la tajiri mmoja bahili, Vandergelder, kwa niaba yake, na maisha yao yote yamo nyuma ya kaunta. Hawajawahi kumbusu mwanamke.

Kabla tajiri hajaondoka kwenda mjini kutafuta mke, anawapandisha vyeo. Cornelius anaambiwa atakuwa karani mkuu. Anauliza, kwani sasa hivi mimi ni nani? Anajibiwa kwamba sasa hivi ni mjinga mfidhuli, na akiwa na adabu atapandishwa kutoka ujinga hadi ukarani mkuu. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilicheka kwa kuchelewa kidogo, maana nilikuwa nimeshafika Ngamiani, barabara ya kumi, Tanga, mbele ya mjomba wangu. Na yeye aliwahi kuniita siku ya Idi akanitangazia kwamba kuanzia mwezi huo mimi ndiye "msimamizi wa duka". Nilikuwa nalifungua alfajiri na kulifunga saa tatu usiku kwa miaka mitatu. Mshahara haukusogea.

Nimepekua kidogo kabla ya kulala. Kumbe kisa chenyewe ni kitoro, kinahama nchi hadi nchi. Kilianzia London mwaka 1835 kwa John Oxenford, kikaenda Vienna mwaka 1842 kwa Johann Nestroy, ambaye aliandika na kuigiza mwenyewe. Wilder alikileta Yonkers mwaka 1938, kikaanguka vibaya, akakiandika upya katikati ya miaka ya 1950, na mwaka 1964 kikawa Hello, Dolly!, mchezo wa nyimbo uliotikisa Broadway. Kwa maoni yangu, kila kilipohama wale wa dukani walizidi kusukumwa pembeni. Yule mama mshenga, Dolly, ambaye kwa Nestroy hayupo kabisa, amekula jukwaa lote.

Ndiyo maana nimempenda zaidi yule wa Vienna, Weinberl, muuza viungo. Yeye hatoroki kwa sababu ananyanyaswa. Anatoroka kwa sababu tajiri amemwambia atamfanya mshirika wa biashara! Anajua akishakuwa tajiri mwenyewe ndiyo basi tena. Anajiona mzee, amekaa na wafanyabiashara wenzake, kila mmoja akisimulia ujana wake, na yeye hana hata siku mbili za kusema: siku zile nilikuwa mtu hatari. Hicho tu ndicho anachokitaka, kitu cha kusimulia.

Siku yetu ya kutoroka duka la mjomba ilikuwa hivi. Mjomba alikwenda Muheza mazikoni, alale huko. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, Hemedi, mwenzangu wa dukani, kumi na mitano. Cornelius na mwenzake waliwasha mishumaa chini ya makopo yaliyovunda ili yalipuke na uvundo uwafukuze wateja, wapate kufunga duka na kwenda New York. Sisi tulichana boksi la sabuni tukaandika kwa mkaa: TUNAHESABU MALI. Tukapanda baiskeli moja, Hemedi kwenye keria, hadi Mapango ya Amboni.

Hatukukutana na mtu yeyote anayetujua. Jukwaani ni lazima tajiri aingie mkahawa ule ule mlioingia ninyi, la sivyo hakuna mchezo. Kabla ya hapo, kwenye duka la kofia, mmoja anajificha chini ya meza, mwingine kabatini. Sisi tulikuta popo. Mwongoza wageni alituonyesha mahali watu wanapoweka sadaka za mizimu, Hemedi akanishika shati, halafu tukaoga mtoni Mkulumuzi hadi vidole vikakunjamana. Barnaby na mwenzake wamewekeana neno la siri: mambo yakinoga kweli kweli, mmoja aseme "Pudini!" Sisi hatukuwa na neno. Hemedi alikuwa akicheka tu, kicheko cha kwikwi, njia nzima ya kurudi.

Kilichotungoja ni droo. Mjomba alikuwa akiipima droo kwa mkono, akajua mauzo ya siku kabla hajahesabu. Siku isiyo na mauzo angeiona kama pengo la jino. Kwa hao wa Wilder, pochi ya tajiri inaanguka, mtumishi anaiokota na kumpa Cornelius akidhani ni yake, kwa hiyo karamu yote inalipwa na bahili bila kujua. Hapo nilipiga makofi peke yangu. Sisi tulikaa sakafuni kwa taa ya chemli tukajiuzia. Akiba yangu yote na ya Hemedi iliingia kwenye droo, na ili mali ilingane na hela, tukabeba tulichonunua: sukari kilo nne, chumvi, viberiti, na miche ya sabuni ambayo sikuihesabu.

Mjomba alirudi, akaipima droo, akasema, "Jana mmefanya kazi."

Hemedi alitoka nje kwenda kucheka. Nyumbani Mama aliitazama ile shehena, akanitazama mimi, asiulize kitu. Alifulia sabuni ile hadi Mfungo Mosi.