Gesi iliniishia Mkata, Mombasa nikafika hivyo hivyo

Naandika hii kwa sababu juzi kuna jamaa kwenye grupu letu la madereva kaandika eti ukishafunga mfumo wa gesi asilia (CNG) kwenye gari kama Toyota IST, unatoka Dar unaenda Mombasa na kurudi kwa elfu thelathini. Mwamba, mimi nimeenda. Mara mbili, na ile ya kwanza sikufika, mimi na shangazi yangu tulikwama Mkata, mji mdogo njia ya Tanga, mpaka asubuhi.

Nianze na fundi. Sio aliyenifungia mfumo, yule kazi yake safi na cheti alinipa, nasema yule fundi wa mtaani kwetu anayejua kila kitu. Miezi minne kabla ya safari, mfumo ndo kwanza umefungwa, nilimwambia nitampeleka shangazi kwenye harusi Likoni, Mombasa, akanipa ushauri wa bure. La kwanza, petroli weka kidogo tu, taa iwake, maana wewe sasa ni mtu wa gesi na gari itakuwa nyepesi. La pili, gesi ikiisha usiwaze, Mombasa kila sheli wanayo. Yote mawili uongo, ila la kwanza ndo lililonimaliza.

Mtungi wangu unaingia kilo 11. IST ya 1300 ukiiendesha kistaarabu kilo moja inakupa kilomita 18 mpaka 20, kwa hiyo 200 na ushee. Dar mpaka Tanga peke yake ni kama 350. Hesabu ya darasa la nne hiyo, na mimi sikuipiga, nilikuwa bize kugombana na shangazi kuhusu buti, kwa sababu mtungi umekaa nusu ya buti na yeye ana masufuria mawili ya harusi, makubwa yale ya pilau. "Baba, hili dude haliwezi kubaki nyumbani?" Nikamwambia shangazi hilo dude ndo linatupeleka.

Basi tumetembea vizuri, Chalinze hiyo, Mandera hiyo, AC inapuliza, naisifia gesi njia nzima. Tunaingia Mkata saa moja jioni taa ya swichi ya gesi inabadilika nyekundu, inalia tii tii tii, inajirusha yenyewe kwenye petroli. Gari ikakohoa mara mbili ikazima. Nawasha, inazunguka haiwaki. Nikageuza ufunguo nusu nikasikiliza kule nyuma, pale unapotakiwa usikie pampu inaguna kidogo, kimya kama msibani.

Akaja kijana mmoja fundi na nyundo ya mpira, akalala chini akaanza kugonga tenki kwa chini, ko ko ko, anasema washa bosi, ikawaka! Tukatembea kama mita mia ikafa tena, na safari hii hata agonge vipi haisikii. Ikabidi tufungue. Sasa pampu ya IST iko chini ya siti ya nyuma, siti lazima itoke, na shangazi ndo kakaa hapo. Tukatoa siti tukaiweka chini ya mwembe, shangazi akaikalia hapo hapo na mkoba wake mapajani, magari yanapita yanapiga honi, kuna basi abiria walichungulia madirishani kumuangalia mama kakaa kwenye siti ya gari isiyo na gari. Mimi nilicheka kimoyomoyo, yeye hakucheka kabisa.

Pampu imeungua. Yule kijana akanielekeza kitu ambacho fundi wangu msomi hakijui. Pampu ile inakaa ndani ya petroli na petroli ndo inaipooza. Gari ya gesi inawaka na petroli kwanza, injini ikipata moto ndo inahamia gesi, na kwenye magari mengi pampu inaendelea kuzunguka hata ukiwa kwenye gesi. Mimi miezi minne natembea taa imewaka, pampu inajikaanga kavu. Kwa hiyo nyie wa gesi, robo tenki isikose, hata kama petroli huitumii. Pampu ilikuja kesho yake kwa basi, laki na kitu pamoja na ufundi. Shangazi usiku ule alilazwa na mama mmoja muuza machungwa, akapewa na maji ya kuoga, asubuhi akapanda basi na masufuria yake akaniacha. Mimi nikarudi Dar kwa petroli, nimenuna.

Nikatize kidogo. Miezi kadhaa baadae, mwezi wa tatu 2025, kulikuwa na ule mkutano wa petroli wa Afrika Mashariki pale ukumbi wa Julius Nyerere, Dar, nikampata abiria, mzee mmoja Mkenya anaenda huko, foleni ya Morocco hapa hapa Dar imetukamata, nikamsimulia ya Mkata. Nikamuuliza mzee, hili bomba la gesi walilosaini 2021 la kutoka Dar kwenda Mombasa liko wapi, Rais Samia alienda Nairobi wakasaini, mbona mimi bado naishiwa njiani? Akacheka, akasema kijana, bomba halijengwi kwa sababu gesi ipo, linajengwa kwa sababu kuna mtu mwisho wa bomba anasubiri kulipa kila siku kwa miaka ishirini. Kenya umeme wao mwingi unatoka kwenye joto la ardhi kule Olkaria, na upepo na maji, sasa gesi ikifika Mombasa nani ataichoma kwa wingi? Akanipa mfano wa Msumbiji, bomba la kilomita 865 kutoka Temane mpaka Secunda Afrika Kusini, toka 2004 linafanya kazi, maana kule mwisho kulikuwa na kiwanda kinaisubiri. Halafu lile la Nigeria kwenda Benin, Togo na Ghana, kilomita 678, hilo limesumbua, mara gesi haitoshi, mara madeni, na 2012 nanga ya meli ikalikata baharini karibu na Lomé.

Akaniambia mikataba hiyo ina kipengele cha uchukue usichukue unalipa. Nikamwambia mzee hiyo naijua, mteja akinikodi Mombasa ananilipa na kurudi tupu, hata kama yeye anabaki huko. Akanipigia makofi. Hata hapa kwetu, bomba la kutoka Mtwara mpaka Dar, lile la inchi 36 lililozinduliwa 2015, uwezo wake ni futi za ujazo milioni 784 kwa siku na matumizi hayajafika nusu. Watu wa Mtwara waliandamana 2013 kwa ajili ya gesi ile, na mpaka leo bomba halijajaa. Na sasa Bwawa la Nyerere limewaka, megawati 2,115, mitambo ya gesi ya Kinyerezi inapata nafasi ya kupumua. Mzee anasema njia ya haraka ni kuichoma hapa hapa iende ikiwa umeme kwenye ile laini mpya ya umeme ya Singida kwenda Isinya, Kenya, au kuibeba kwa malori. Mimi naona malori, maana na mimi safari ya pili, kama mtakavyoona, nilikuwa lori.

Turudi. Shangazi kapiga simu harusi imeisha, njoo unichukue, na safari hii usinilaze njiani. Hapa ndo nilipotumia akili, nisikilizeni. Niliazima mtungi wa pili wa kilo 8 kwa jamaa yangu ambaye gari yake ipo juu ya mawe, nikarudi kwa aliyenifungia mfumo akauunga vizuri na kuupima. Msije mkaunga mitungi ya oksijeni ya wachomeleaji wala ya gesi ya kupikia, gesi hii inakaa kwa presha ya 200 bar, mtungi wa kupikia haufiki hata kumi. Halafu kujaza. Kipindi hicho kile kituo kikubwa cha gesi cha TPDC, shirika la petroli la taifa, pale barabara ya Sam Nujoma hakijafunguliwa, foleni ya gesi ilikuwa ya kulala na neti. Ukijaza mchana magari yamejaa, presha ya kituo imeshuka, na gesi ikiingia kwa kasi inapata moto inavimba, geji inasoma imejaa kumbe una kilo nane. Mimi nilienda saa kumi alfajiri, kibaridi, magari mawili tu, nikamwambia dada wa nozo naomba taratibu, halafu nikasogea pembeni nikanywa chai ya tangawizi nusu saa mitungi ipoe, nikarudi kuongezea. Ilikula zaidi ya kilo moja nyingine! Dada ananiangalia kama mchawi. Kilo moja ilikuwa shilingi 1,550 hivi, jumla haikufika elfu thelathini.

AC nimezima, spidi 80, malori yananipita yananitukana. Mkata nimepita napiga honi. Segera nimepita. Gesi ilikata Pongwe, nauona mji wa Tanga. Kwa hiyo nikisema nilifika Mombasa kwa gesi nadanganya, nilifika Pongwe kwa gesi, Horohoro na kuendelea ilikuwa petroli. Mambo ya mpakani sielezi, kila mtu anajua, kibali cha gari na yelo kadi, ile bima ya kuvukia mpaka, basi. Ila cheti cha mtungi bebeni, mimi nilikisahau nyumbani mke wangu akakipiga picha, ofisa akauliza kwa upole hili dude buti ni nini, nikamuonyesha kwenye simu.

Mombasa sheli ya kwanza nimeuliza gesi, kijana kaniuliza, "Ya kupikia ama?" Kaniletea mtungi wa kilo sita. Hiyo ya kwao inakuja na meli, ni LPG, na hii yangu ni gesi asilia ya Songo Songo, haziingiliani hata kidogo. Shemeji yake shangazi anauza mitungi, akanikumbusha 2017 Kenya walipozuia gesi ya mitungi kutoka Tanzania isipite barabarani, sisi tukazuia vitu vyao, miezi michache wakubwa wakakaa wakamaliza. "Mtungi tu ulitugombanisha, bwanangu, na hilo bomba je?"

Kurudi yote petroli, ushabiki wote wa gesi ukaisha, kama laki moja na nusu imeenda. Shangazi alikaa mbele, macho kwenye geji, kila ikishuka kidogo anaguna. Tumefika Mkata akanishika bega, "Simama hapa baba, yule mama nina deni lake la maji ya kuoga." Akashuka na sufuria moja ya pilau ikiwa na mfuniko wake, akampa.