Siku Moja ya Julai Maskati

Saa kumi alfajiri, kabla ya adhana, nafungua bomba la maji ya moto ili nipate maji ya baridi. Hapa Maskati, kuanzia mwezi wa Mei, tangi lililo juu ya paa hupigwa na jua mchana kutwa, na maji ya bomba la baridi hutoka yakiwa moto hata usiku wa manane. Kwa hiyo wenyeji huzima hita ya bafuni, maji yakatulia katika tangi lake humo ndani ya nyumba na kupoa, kisha wakaoga kwa hayo. Mwaka wangu wa kwanza sikulijua jambo hili. Nilioga maji ya moto Juni nzima, harara zikanijaa shingoni na mgongoni, mpaka shangazi yangu wa Seeb, magharibi mwa mji, alipoingia bafuni kwangu na kuizima hita kwa mkono wake.

Mimi ni Mwingereza, nimezaliwa na kulelewa Leicester na wazazi waliotoka Unguja, na huu ni mwaka wangu wa sita nikiwa afisa usalama katika ujenzi wa majengo yaliyo karibu na bahari. Kiswahili cha jikoni kwa mama ndicho kilichonipatia jamaa katika mji huu, na jamaa ndio walionifundisha kuishi na fukuto lake.

Saa kumi na nusu nafungua mlango wa nje, na papo hapo miwani yangu inafunikwa na ukungu, kwa kuwa kioo kimepozwa na kiyoyozi na hewa ya nje imeshiba mvuke wa bahari. Gari linaonyesha nyuzi 33. Mgeni akiona namba hiyo huona nafuu, kwa sababu ameshasikia habari za nyuzi 45, nami niliona hivyo hivyo nilipofika. Lakini jasho halimpozi mtu kwa kutoka tu. Humpoza linapokauka juu ya ngozi na kuondoka na joto la mwili, na hewa iliyoshiba maji haina nafasi ya kulipokea. Basi jasho linatiririka, nguo zinalowa, chumvi na maji yanapotea, na joto linabaki pale pale ndani.

Saa kumi na moja mabasi yanawashusha mafundi, nami nasimamisha kipimo changu juu ya miguu yake mitatu. Kina vipimajoto vitatu: kimoja kimefungwa utambi wa pamba uliolowa maji, cha pili kimo ndani ya tufe jeusi linalopokea jua kama mgongo wa mtu unavyolipokea, na cha tatu kinapima hewa tu. Namba inayotoka si joto la hewa tu, bali huchanganya vyote vitatu, na ule utambi wenye maji peke yake hubeba sehemu saba katika kumi za hesabu hiyo. Mtu asiyeamini kwamba unyevu ndio adui mkubwa kuliko jua aitazame hesabu hiyo.

Kuna kijana aliyefika siku nne zilizopita. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuizoea hari: jasho huanza kutoka mapema zaidi, chumvi inayopotea nalo hupungua, na moyo hutulia. Kwa hiyo mgeni wetu hufanya kazi moja ya tano ya muda siku ya kwanza, na huongezewa moja ya tano kila siku. Leo yeye ni nne ya tano, na msimamizi wake analalamika kwamba anapoteza nguvukazi. Namsikiliza kwa heshima, kisha namwonyesha jina la kijana kwenye orodha yangu ya wageni na kumwambia kwamba halitaondoka humo hadi kesho.

Saa mbili na robo huwa nasimama kidogo kila siku. Katika kiangazi changu cha pili, kwenye ujenzi mwingine, saa kama hiyo, fundi mmoja wa nondo alianza kuzifunga nondo mahali pasipokuwa na nondo. Vidole vyake vilizungusha waya hewani, polepole, kwa umakini uleule wa siku zote. Nilipomwita alinijibu maneno yasiyoeleweka. Joto la mwili likipita nyuzi 40, akili ndiyo hutangulia kuondoka, na mtu mwenyewe hajui, hivyo haina maana kumwuliza kama anajisikia vizuri. Tulimvua shati, tukammwagia maji mwili mzima, tukaelekeza feni kwake na kumwekea barafu kwapani na shingoni hadi gari la wagonjwa lilipofika. Alipona baada ya siku kadhaa hospitalini. Kivuli kilikuwa bado kirefu asubuhi ile, na muda wa mapumziko ya kisheria ulikuwa mbali kwa zaidi ya saa nne.

Sheria ya Omani inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, miezi ya Juni, Julai na Agosti. Ni sheria njema na imeokoa watu, lakini inafuata mshale wa saa, na fukuto halivai saa. Qatar, tangu mwaka 2021, pamoja na saa zilizokatazwa, imeweka kwamba kipimo kama hiki changu kikizidi 32.1 kazi ya nje isimame, iwe ni saa ngapi. Hilo ndilo ninalolitaka hapa, na ndilo ninalolisema kwenye kila kikao ninachoitwa.

Leo kipimo kinafika 32 saa tatu na dakika arobaini. Napuliza filimbi. Watu wanaingia chini ya turubai lenye feni, kila mmoja na kikombe chake. Kanuni yetu ni robo lita kila dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu, kwa kuwa kiu huchelewa.

Mapumziko ya mchana yanapita kwa sala na usingizi. Saa tisa na nusu sheria inaturuhusu kurudi, lakini upepo wa bahari umeingia na unyevu wake, na ingawa hewa imeshuka kwa nyuzi mbili, kipimo kimepanda hadi 33. Siwaruhusu. Mhandisi anapiga simu mara mbili, na mara zote mbili namsomea namba. Zege litamwagwa usiku, kama inavyofanyika mara nyingi hapa majira haya.

Saa moja na nusu jioni niko Seeb.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Umekunywa maji, au umewanywesha wenzio tu?”

Ananipa laban, yaani mtindi, iliyotiwa chumvi na sahani ya tende mbichi za msimu huu. Ananisimulia jinsi wakati wa kaskazi Unguja walivyofungua madirisha yote ili upepo upite, na jinsi ilivyomchukua miaka mingi kuzoea kwamba hapa dirisha hufungwa ili mtu apone.

Saa tatu usiku, ambayo kwa Leicester ni saa kumi na mbili jioni, mama ananipigia. Kwao ni nyuzi 30 na hajalala vizuri. Naichukulia kwa uzito. Nyumba za kule zimejengwa kuzuia joto lisitoke, na Julai 2022, kipimo kilipofika 40.3 kijijini Coningsby, wazee wengi hawakuwa na hata feni. Namwambia afunge mapazia ya upande wa jua kuanzia asubuhi, afungue madirisha usiku, na aweke kitambaa chenye maji shingoni mbele ya feni.

Saa nne nje bado ni nyuzi 35. Tarehe 26 Juni 2018, mjini Qurayyat, kusini-mashariki mwa hapa, hewa haikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana. Nikikumbuka hilo naangalia tena feni za akiba. Kisha nautoa utambi wa kipimo, nauosha chumvi ya bahari iliyoganda, nautia katika maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi, nao unaanza kunywa taratibu kuanzia chini, uwe umelowa wote ifikapo saa kumi na moja.