Black Sabbath bado haijachuja

Jana usiku nilizima taa, nikavaa hedifoni, nikairudia albamu ya kwanza ya Black Sabbath, bendi ya roki nzito ya Uingereza, ya 1970. Sikuwa nimeigusa tangu kidato cha nne, nikahofia imechuja. Wapi! Mvua, radi, kengele ya mbali, kisha gitaa la Tony Iommi likaingia na noti tatu nzito, taratibu. Nywele zilinisimama. Na huyu mashine ilimkata ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham, akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akaendelea kupiga.

Upande wa pili wa albamu gitaa linazunguka mno, pale nilichoka kweli. Lakini besi ya Geezer Butler jamani! Kwenye redio kaseti ya kaka sikuwahi kuisikia hivi. Wimbo wa kwanza nimeurudia mara tatu.