Nilivyowajua ndege wa Arboretum kwa masikio

Bei ya darubini nzuri hapa Nairobi ilinitisha, basi nikaanza na masikio. Nilichagua Arboretum, bustani ya miti, kwa kuwa nafika kwa miguu kutoka mjini, na kwa kuwa ukiteremka hadi kijito cha Kirichwa Kubwa kelele za magari hupungua. Vikundi vya maombi navyo hukemea mapepo kwa sauti ya juu tangu alfajiri, na wikendi ndiyo usiseme. Mimi huenda siku za kazi, mapema.

Bustani ilianzishwa mwaka 1907 kujaribia miti ya kigeni, enzi ambazo injini za reli zilikula kuni. Ndiyo maana njia za juu zimejaa miti mirefu iliyotoka mbali. Kwa kutembea ni raha tupu, ila kwa ndege sizihesabu sana. Ndege wako bondeni, kwenye vichaka vya kando ya maji.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa kwarara. Huyo hatafutwi, akiruka hupiga yowe kama mtu aliyekanyagwa kidole. Baada yake nikajiwekea utaratibu: kila nikienda, nachagua sauti moja nisiyoijua, naifuata, nakaa chini hadi mwenyewe ajitokeze. Sauti moja ya kukwaruza kutoka vileleni ilinisumbua mno. Unakodoa macho, huoni ila majani. Asubuhi moja mwenye sauti akaruka ng'ambo ya kijito, mabawa yakafunguka mekundu kama damu: kulukulu wa Hartlaub. Mwili wake ni kijani na buluu, kwa hiyo akitulia humwoni. Wekundu ule unatokana na rangi yenye madini ya shaba, ambayo ni ya jamii yao tu.

Peke yangu nisingefika mbali. Kilichoniokoa ni matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, chama cha wapenda maumbile, yale ambayo Fleur Ng'weno aliyaongoza kwa miongo mingi. Watu hukutana Makumbusho ya Taifa, wanapanda magari ya wenzao, wanaelekea msituni au bwawani. Uliza hata kuhusu shorewanda, ndege wa kila ua, na hakuna atakayekucheka.

Huko ndiko nilikojua Kenya Bird Map, mradi wa kuwaweka ndege wa nchi kwenye ramani. Unatembea angalau saa mbili, unaandika kila aina kwa mpangilio ulioikuta. Kuanzia Oktoba orodha hunoga, kwani ndege wageni kutoka Ulaya huwa wamefika. Keremkerem hupita juu sana wakiita, na asiyezoea kusikiliza hana habari kwamba wamepita. Mradi unapokea pia ndege uliyemsikia bila kumwona, ilimradi una hakika naye. Kwenye orodha zangu hao ni wengi.

Darubini nilikuja kuinunua, mtumba. Mara nyingi inakaa kwenye mkoba, pamoja na ndizi ninazowaficha kima.