Kwa nini bado naichangia Oregon State

Nilisoma Oregon State, chuo kikuu cha mji wa Corvallis, jimbo la Oregon, Marekani, na kila mwezi hutuma mchango mdogo kwa idara ya michezo. Rafiki yangu aliyesoma kwa mahasimu wetu, University of Oregon, katika mji wa Eugene kwenye jimbo hilohilo, haelewi kwa nini najisumbua. Wao wana Phil Knight. Mwanzilishi mwenza huyo wa Nike, aliyehitimu pale 1959, amewapa mamia ya mamilioni ya dola. Ukumbi wao wa mpira wa kikapu, uliofunguliwa 2011, una jina la marehemu mwanawe, Matthew. Sisi hatuna mhitimu anayeimwagia michezo fedha kwa kiwango hicho. Tuna wengi wa kutoa kidogo kidogo.

Timu hizi zimekuwa zikikutana kwenye futiboli ya Kimarekani tangu 1894, na pengo la fedha si jipya. Lakini 2024 Oregon walihamia Big Ten, ligi tajiri ya michezo ya vyuo, sisi tukabaki na chuo cha Washington State kwenye Pac-12, ligi yetu ya zamani, na fedha nono za televisheni zikawafuata wao. Mwaka uliofuata vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kila chuo hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka. Nani atafikia kiwango hicho kwa michango kama yangu?

Hofu yangu kubwa ni kwamba fedha zikikosekana, mieleka itafutwa. Oregon, pamoja na utajiri wao, waliifuta 2008. Sisi bado tunayo. Ndugu mliosoma Corvallis, mkichangia, andikeni kwenye fomu kwamba fedha ziende kwenye mieleka.