Karata namba 9 ya kaka

Jana jioni pale Kibirizi, ufukweni Kigoma, kabla kaka hajaingia Ziwa Tanganyika, nilimpangia karata zangu za taroti, zile za picha ambazo wengi huzitumia kubashiri. Ziko 78, ila kwa tarehe ya kuzaliwa natumia zile 22 kuu tu. Yeye ni wa 17/6/1993: jumlisha tarakimu zote, unapata 36; kisha 3 na 6, tisa. Namba 9 ni mzee kasimama peke yake mlimani, kashika taa.

Akaitazama weee. Mtu anayekesha na taa akivua dagaa, maneno yake ya kuhesabu toka utotoni! (Mimi sitabirii watu, natafuta pa kuanzia mazungumzo.)

"Mdogo wangu, baba alipofariki nilinyamaza ili nyie msiogope."

Miaka yote nilidhani ni kiburi. Nilibaki ufukweni mpaka taa yake ikachanganyika na za wenzake.