Nyuki na Jua la Utosi

Kwa miaka mitatu sasa, kila ninapokwenda shambani kwetu Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, hukaa kando ya mzinga mmoja ambao fundi seremala aliutia kioo ubavuni na kukifunika kwa kibao. Mzee mrina asali aliyenipa kundi la kwanza, ambaye mimi humwita mjomba kwa heshima tu, alikitazama kioo hicho akacheka: "Mpwa wangu, asali hailiwi kwa macho."

Mimi nakula kwa macho. Akirudi kutoka kwenye michu, aina ya mikoko, iliyochanua ufukweni, mashariki mwa shamba, nyuki mtenda kazi hupanda juu ya sega lililosimama wima, akatembea mstari mfupi huku akitikisa tumbo, akazunguka kulia hadi alipoanzia, akaurudia mstari uleule, kisha akazunguka kushoto. Sisi watu wa pwani tungesema anakata kiuno, na wenzake humfuata nyuma kwa karibu kama wanawali ngomani.

Maana ya ngoma hiyo ilifumbuliwa na Karl von Frisch wa Austria, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen. Kwa kuwa mzingani ni giza na jua halionekani, nyuki hulichukulia kuwa liko juu ya sega: mstari ukipanda wima, maua yako upande uliko jua; ukishuka wima, yako upande wa pili; ukiinama nyuzi 40 kuliani, wenzake huruka nyuzi 40 kuliani mwa jua. Mstari ukichukua muda mrefu, safari nayo ni ndefu.

Lakini von Frisch alifanya utafiti wake Ulaya, ambako jua halifiki utosini hata siku moja. Sisi tulio takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta hupitiwa na jua la utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na jua la utosi halina upande. Sasa nyuki ataonyesha njia kwa kufuata nini? Mwanafunzi wake, Martin Lindauer, alikwenda Sri Lanka katika miaka ya 1950 akachunguza jambo hilihili, akakuta kwamba jua likikaribia mno utosi, ngoma huvurugika.

Nilitaka kujionea mwenyewe, kwa hiyo Oktoba iliyopita nilichomeka kijiti mchangani na kukaa hapo tangu saa tatu asubuhi. (Nilidungwa mara mbili shingoni, kwa uzembe wangu wa kupiga kibao kwa kishindo.) Asubuhi nzima wachezaji walipanda wima, bila kubadilika, kwa sababu jua lilikuwa mashariki kama ilivyo mikoko. Ilipofika saa sita na robo hivi, kivuli cha kijiti kilikuwa kimejikunja chini yake, na wachezaji walikuwa wachache. Mmoja alianza mstari, akageuka, akauacha. Wengi walijazana mlangoni wakipepea mbawa.

Saa saba kasorobo alitokea mmoja mwenye chavua miguuni, akasimama katikati ya sega, akaanza kutikisa tumbo akielekea chini, wima kabisa. Alikuwa anawaambia wenzake waende kwenye mikoko ileile ya asubuhi.